Tangi la Maziwa Linakula Stima Kiasi Gani?

Bili ya stima ikipanda, chama cha maziwa huanza kulaumu mashine. Lakini huenda mvua imenyesha Molo na Njoro, ng'ombe wameshiba na maziwa yameongezeka. Swali la kuuliza ni hili: kila yuniti ya stima imeondoa joto kiasi gani?

Kupunguza joto la lita 1,000 za maziwa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi ni kuondoa joto la takriban yuniti (kWh) 1.1. Zikiingia zikiwa nyuzi 30 na kufikishwa nyuzi 4, zimeshuka nyuzi 26, yaani yuniti 28.6 za joto. Kama mita imesoma yuniti 12 za stima, gawanya 28.6 kwa 12: unapata 2.4. Usishangae kuwa inazidi 1. Kompresa huhamisha joto, haitengenezi baridi.

Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, afunge mita ndogo kwenye laini ya tangi pekee. Anza tangi likiwa tupu na safi, na usome mita. Pima joto la kila mtungi kabla ya kuumimina, andika lita zake, kisha utafute wastani. Maziwa yakifika nyuzi 4, yakiwa yamekorogwa vizuri, soma mita tena. Stima ikipotea katikati, tupa kipimo hicho.

Namba hiyo ilinganishe na za tangi lako mwenyewe, saa zile zile, wiki kwa wiki. Ikishuka kutoka 2.4 hadi 1.8, zunguka nyuma uangalie kondensa, sehemu inayotoa joto nje. Vumbi la Januari na Februari huziba mapezi yake mpaka feni inavuma bure. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huku hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa, hivyo kondensa chafu hutuumiza zaidi. Magunia na mitungi iliyoegemezwa hapo iondolewe leo.

Mashamba makubwa ya maua Naivasha, yenye vyumba vya baridi, hayakuachiwa hiari: kanuni za mwaka 2012 zilimtaka aliyetumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka akaguliwe matumizi yake ya nishati kila baada ya miaka 3. Chama kidogo hakisubiri sheria.

Zima mashine, safisha kondensa, kisha pima upya. Namba isipopanda, mwite fundi wa friji. Akitaka kuongeza gesi, mwambie kwanza atafute inakovujia.