Maji, Moshi na Taka: Nasaha kwa Wenye Nyumba wa Mwambao

Wataalamu wa afya huugawa uchafuzi wa mazingira mafungu manne, wa hewa, wa maji, wa ardhi na wa kelele, na mgawanyo huo wamfaa mwenye kufundisha darasani. Walakini mwenye nyumba na ahali zake hawakutani na mafungu, bali hukutana na ndoo ya maji, na jiko, na jaa lililo nyuma ya ua, na yaliyo ya hatari zaidi katika hayo aghalabu hayana rangi wala harufu ya kumtahadharisha mtu.

Tuanze na maji. Sehemu kubwa ya mwambao wetu, tangu Mombasa hata Unguja, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, jiwe lenye nyufa na mapango, ambalo maji hupita ndani yake upesi bila ya kuchujwa kama yachujwavyo na mchanga. Choo cha shimo au karo likichimbwa katika mwamba huo, yanayomwagwa humo huteremka hata yakaingiliana na maji ya chini, nayo ndiyo yatekwayo kisimani. Basi maji yaweza kuwa maangavu machoni na matamu ulimini, ilhali yamebeba vijidudu vya kipindupindu au vya homa ya matumbo. Mwambao unayajua maradhi haya tangu zamani: waba wa kipindupindu ulioingia Unguja mwaka 1869 ulifisha watu wengi mno, na James Christie, tabibu aliyekuwako mjini, aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1876. Baadaye Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, akauletea mji maji ya mfereji kutoka chemchemi zilizo nje yake, na kwa rai yangu hisani hiyo ni kubwa kuliko jumba la Beit al-Ajaib analosifiwa kwalo.

Kipimo cha desturi ni kuacha mita 30 au zaidi baina ya choo na kisima, ila juu ya jiwe lenye nyufa hata kipimo hicho si dhamana. Kwa hivyo kisima kijengewe ukingo na kifunikwe, kitekwe kwa ndoo moja isiyowekwa chini, na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa. Na ijulikane kwamba moto huua vijidudu tu. Chumvi za naitreti zitokazo vyooni na katika mbolea hauziondoi, nazo zaweza kumdhuru mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima kilichoharibika.

Hewa nayo huchafuka kwanza jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walifariki kwa sababu ya moshi wa majumbani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimia miaka 5. Mpishi huona moshi ukimtoa machozi, lakini zile chembe ndogo zishukazo hata ndani kabisa ya mapafu hazioni. Makaa, kwa kuwa moshi wake ni haba, hudhaniwa kuwa ni salama. Kumbe hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyonuka, ambayo hushika mahali pa oksijeni katika damu, na jiko lililoingizwa chumbani usiku wa kipupwe, madirisha yakafungwa, laweza kuua aila nzima usingizini. Jiko likae barazani au uani. Na akiumwa kichwa na kuona kizunguzungu mtu aliye karibu nalo, atolewe nje kwanza, kisha apelekwe hospitali.

Tutoke jikoni sasa, twende jaani. Mifuko ya plastiki Kenya iliikataza mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019, lakini chupa, mabomba na viatu vikuukuu vingali vikichomwa nyuani, na moshi wake una sumu ambayo aghalabu moshi wa majani makavu hauna. Taka za jikoni zifukiwe ziwe mbolea, plastiki isichomwe.

Yabaki madini ya risasi, ambayo hukaa udongoni miaka na miaka, na huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, risasi ilienea kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na Julai 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Sumu hiyo haihitaji kiwanda ili iingie nyumbani: fundi anayepasua betri huirudisha katika nguo na nywele zake. Basi na avue nguo za kazi kabla ya kuingia, aoge kabla ya kumpakata mtoto, na nguo zile zifuliwe mbali na za watoto.