Somo la Mto kwa Watoto wa Shule

Leo twataka kunena habari za maji ya Urambo. Vijito vyetu vingi hujaa wakati wa mvua, kisha hukauka. Hata mto Ugalla wakati wa kiangazi hubaki mabwawa tu, ambamo viboko na mamba hukusanyika. Maji yake huingia Malagarasi, mto ule ambao misafara ya zamani ya kwenda Ujiji ililipa ushuru ili ivushwe. Nao Malagarasi huingia katika ziwa Tanganyika. Basi tope la mashamba yetu husafiri mbali kuliko wengi wetu.

Nalo tope latoka wapi? Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulifika hata Urambo; matrakta yaking'oa miti, kisha mwaka 1951 mpango ukaachwa. Baadaye ikaja tumbaku, ambayo hukaushwa kwa moto wa kuni. Miti ikiisha, mvua hupiga udongo mtupu. Maji hayazami, bali hukimbia na kuuchukua. Kwa hiyo kijito hujaa upesi na kukauka upesi.

Maneno haya mtoto aweza kuyakariri darasani asiyaelewe. Afadhali aende mtoni mwenyewe. Jane Goodall, aliyechunguza sokwe wa Gombe kando ya ziwa hilohilo Tanganyika, alianza Roots & Shoots huko Dar es Salaam mwaka 1991 pamoja na wanafunzi 12, ili vijana wajifunze kwa kutenda. Sisi nasi twaweza kuanza na darasa moja.

Mwalimu atangulie kupaona mahali penyewe, kwa sababu ya mamba. Wala watoto wasiingie majini, maana kuna kichocho. Wateke maji kwa ndoo yenye kamba, wayatie katika chupa ya kioo, waiweke dirishani hata kesho. Asubuhi wapime kwa rula unene wa tope lililotua chini. Wafanye hivyo baada ya mvua kubwa, na tena baada ya siku kadhaa za jua, nao wataona tofauti pasipo kuambiwa.

Kisha wachukue kamba ya mita 20, wailaze mara tatu kutoka ukingoni. Hizo ndizo mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yazilinda na kazi za kuharibu mto. Waandike wanachokikuta humo: miti, visiki, matuta.

Hapa yatupasa kuwa na busara. Huenda matuta hayo ni ya baba yake mmoja wao. Haifai kumfanya mtoto kuwa mshitaki wa mzazi wake, naye baba ana ada na chakula cha kutafuta. Heri wazazi waitwe siku hiyo, washike kamba pamoja na watoto, washauriane ni miti gani ipandwe ukingoni na nani ataitunza.

Daftari la vipimo libaki shuleni, ili darasa la mwaka ujao lipime mahali palepale.