Barua Iwe ya Mwisho

Kikundi kikisikia kuna ghala linalotoa chakula cha msaada, katibu hukimbilia kuandika barua. "Yah: Maombi ya chakula." Muhuri unapigwa, nakala inakwenda kwa mtendaji, nyingine kwa diwani. Kisha kimya. Wanachama wanaanza kunong'ona kwamba kule kuna upendeleo. Mara nyingi hakuna upendeleo wowote. Barua imeeleza shida za mtaa ukurasa mzima, lakini haikujibu swali analojiuliza mwenye chakula: nikiwapa mzigo huu saa nne asubuhi, saa kumi jioni utakuwa umefika kwa nani?

Ghala kama hilo huitwa benki ya chakula, na haligawi mlango kwa mlango. Ndivyo ilivyo tangu John van Hengel alipoanzisha ya kwanza mjini Phoenix, Marekani, mwaka 1967, na ndivyo wanavyofanya jirani zetu wa Food Banking Kenya, iliyoanza mwaka 2017. Wao hukusanya chakula kilichozidi, zikiwemo mboga za shambani zilizokosa soko, wakakikabidhi kwa shule, vituo vya watoto na vikundi. Ghala ni duka la jumla, kikundi chenu ni genge la mtaani. Na mwenye duka la jumla hampi mzigo mtu kwa kuwa tu ana njaa kali kuliko wenzake. Anampa yule ambaye hatauacha uoze.

Kwa hiyo, kabla ya barua, jengeni uwezo wa kupokea. Maandalizi ni yaleyale iwe mnamwendea mwenye ghala kubwa, taasisi ya dini, kiwanda cha unga au mfanyabiashara wa nafaka pale Tandale, Dar es Salaam. Jambo moja tu msilichanganye: NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ni hifadhi ya taifa. Chakula chake cha msaada hupitia serikalini, yaani kwa mtendaji, halmashauri na mkuu wa wilaya. Barua ya kikundi kwenda moja kwa moja huko ni kupoteza karatasi.

Tuanze na chumba. Vikundi vingi vya Chamazi, Mbagala au Bunju havina ofisi, vinakutana barazani kwa mwenyekiti. Si kosa. Chumba kimoja cha mwanachama kinatosha, ilimradi kisivuje, kiwe na kufuli lenye funguo mbili kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na kisiwe kile kinachowekwa mafuta ya taa au dawa ya mende. Pigilieni chaga za mbao ili magunia yasiguse sakafu, na acheni nafasi ya kupitisha mkono kati ya gunia na ukuta. Jaribuni hili wakati wa masika: wekeni kiganja ukutani asubuhi. Kikitoka na unyevu, jueni gunia lililoegemea hapo linanyonya unyevu huohuo.

Hapa sitaki kupita haraka. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ya ukungu unaostawi kwenye unyevu. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, kwa hiyo ugali ulioiva vizuri haumwokoi mtu. Mahindi au karanga zikifika, fungueni gunia, choteni kutoka juu, katikati na chini, mmwage kwenye ungo juani. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo ni sababu ya kurudisha mzigo, hata kama aliyeuleta ni mheshimiwa na kamera zipo. Punje safi kwa macho nazo si cheti, hivyo mwulizeni mtoaji kama nafaka imepimwa. Kwa vyakula vya pakiti, someni tarehe pakiti kwa pakiti, si katoni ya juu peke yake. Kilichopita muda wa matumizi hakigawiwi. Mkiwa na mashaka, afisa afya wa kata yupo.

Kisha usafiri, ambao ndio unaoua ushirikiano mwingi. Chakula ni cha bure, kirikuu si cha bure. Kutoka Temeke Stereo hadi Mabwepande ni kuvuka jiji zima, na mboga zilizokaa kwenye foleni tangu saa tano zinafika zimechemka. Kubalianeni mapema nani analipa, mfuko wa usafiri uchangiwe kila mwezi kama mnavyochangia hisa, na tafuteni vikundi viwili vya jirani mshirikiane gari moja. Kituo cha kushushia kikiwa kando ya lami, vikundi vya ndani vitafuata kwa bajaji au guta.

Wanaofikiria masoko nao wasikilize. Watu wengi hudhani nyanya zinazobaki sokoni ni takataka zinazosubiri msamaria. Kaeni pale sokoni Stereo alfajiri, matenga yanaposhushwa, mtaona. Zile zilizopondeka, masalo, zina wateja wake: mama lishe na wakaanga chipsi wanaoziweka kwenye rosti na kachumbari. Mkija kuziomba bure mnamnyang'anya mama mwenzenu mtaji. Zungumzeni na uongozi wa soko kuhusu kitu kingine, yaani siku soko linapofurika na bei kuanguka, wakati mzigo mzima mzima unakosa wa kuununua. Siku hizo hazina ratiba. Ndiyo maana mnahitaji watu watatu wanaopokea simu na dereva anayejulikana.

Makaratasi sasa, na haya ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Katiba, cheti cha kusajiliwa, muhtasari wa kikao kilichokubali jambo hili, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na utambulisho wa serikali ya mtaa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaonyesha njia, ni kazi yake. Ongezeni ukurasa mmoja ambao hamkuombwa: hatutauza chakula hiki, tutakihifadhi hivi, tutatoa taarifa ndani ya siku saba, na tukiambiwa kimebainika kuwa na tatizo tunao uwezo wa kumfikia kila aliyepokea. Hofu kubwa ya mtoaji ni mtu kuugua na jina lake kutajwa. Mwondoleeni hofu hiyo kabla hajaisema.

Orodha ya wapokeaji ndiyo itakayowagombanisha. Mjumbe wa shina anawajua watu wake, lakini anao pia shangazi na wakwe. Basi mjumbe aandike yake, kikundi chenu kiandike yake, kisha zilinganishwe kwenye kikao. Majina yaliyomo kote yapite, yaliyobaki yajadiliwe kwa sababu, si kwa sura. Familia zilizomo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini zisikatwe kwa hoja kwamba "hao wanapata". Na mkumbukeni mpangaji wa chumba kimoja aliyehamia juzi, ambaye hana mtu wa kumsemea.

Daftari lenyewe liwe la kawaida. Mstari mmoja kwa kila mzigo: tarehe, umetoka wapi, kilo zilizopimwa kwenye mizani mbele ya mashahidi wawili, zilizogawiwa, zilizoharibika. Tuseme zimefika kilo 300 za sembe kwa kaya 60. Kila kaya ni kilo tano, na mkitumia kisado badala ya mizani, kaya za mwisho zitapata pungufu na nyinyi mtaitwa wezi. Andikeni hata kilo nne zilizomwagika. Mwenye ghala akiona hesabu isiyo na upotevu kabisa, hushtuka. Picha pigeni magunia, mizani na daftari. Bibi anayepokea furushi mwacheni na uso wake.

Mkishaandika barua, ombeni kidogo, ombeni kwa ratiba. Ramadhani na Desemba kila mtu anatoa. Majiko hupoa Januari, ada na kodi zinapogongana. Kikundi kinachosema "tupeni kilo 100 kila mwezi, tunao uwezo huo" hupendeza kuliko kinachoomba tani mbili mara moja.

Itafika siku mtapigiwa simu kuna katoni za maziwa zilizobakiza siku mbili na nyinyi mna kaya 20 tu. Chukueni mnazoweza kumaliza, zilizobaki semeni hapana hapohapo simuni. Kwenye jalada la lile daftari ziandikwe namba za vikundi viwili vya mitaa jirani, mmpe mwenye mzigo namba hizo kabla hajakata.