Nani Aliyeleta Mvua? Somo la Riwaya ya Kihistoria kwa Scholastique Mukasonga

Ukiuliza pale kwenye vimbweta nani bingwa wa riwaya ya kihistoria kwa Kifaransa, anayejua kidogo atakutajia Alexandre Dumas na wale wapiganaji wake wa upanga. Sina ugomvi na Dumas. Ila bingwa wangu mimi yuko karibu zaidi. Ni mama wa Kinyarwanda, Scholastique Mukasonga, na makala hii inaeleza kwa nini mwanachuo wa Songea amsome, hata kama Kifaransa chake kinaishia kwenye bonjour. Riwaya zake kadhaa zimetafsiriwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo.

Kwanza tumjue. Mukasonga alizaliwa mwaka 1956 kusini-magharibi mwa Rwanda. Mwaka 1960 familia yake, pamoja na Watutsi wengine wengi, ilihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Nyamata, eneo la Bugesera. Alisoma shule ya wasichana Kigali, kisha akaenda Butare kusomea ustawi wa jamii. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa mashuleni na vyuoni, naye akakimbilia Burundi. Mwaka 1992 alihamia Ufaransa. Miaka miwili baadaye yakatokea mauaji ya kimbari, na ndugu zake wengi waliobaki Nyamata waliuawa, mama yake akiwa mmojawao. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 2006, akiwa na miaka hamsini. Kwa hiyo wewe unayedhani umechelewa kuandika kwa sababu uko mwaka wa tatu, tulia.

Vitabu vyake vya mwanzo ni kumbukumbu za familia. Baadaye akaingia kwenye riwaya. Notre-Dame du Nil, yaani Mama Yetu wa Nile, ilipata Tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa mwaka 2012. Kibogo est monté au ciel, yaani Kibogo Amepaa Mbinguni, ilitoka 2020. Hii ya pili ndiyo nataka tuikalie leo.

Kisa cha mvua

Riwaya inaanza wakati wa njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Ruzagayura, miaka ya 1943 na 1944. Ni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wabelgiji wanataka mazao na nguvu kazi, mvua imegoma, watu wanakufa. Ni wakati pia ambapo dini ya zamani imesukumwa pembeni. Mfalme Musinga, aliyekataa kubatizwa, alikuwa ameshaondolewa madarakani na Wabelgiji mwaka 1931, na mwanawe Rudahigwa aliyewekwa badala yake akabatizwa mwaka huohuo wa njaa, 1943.

Sasa kijijini wazee wanakumbuka hadithi ya Kibogo, mwana wa mfalme wa kale aliyejitoa ili mvua inyeshe. Alipanda mlimani na wingu likamchukua. Yupo bado bibi mmoja, Mukamwezi, anayejua mambo ya Kibogo, lakini tangu ubatizo uenee watu wanamkwepa. Wazee wanamwendea kwa siri. Padri naye anaandaa maandamano ya kupandisha sanamu ya Bikira Maria mlimani. Kisha mvua inanyesha.

Imeletwa na nani? Padri ana jibu lake, wazee wana lao. Na kuna watu wengi wenye majibu yote mawili kichwani kwa pamoja, ambao Jumapili wako kanisani na usiku wanamkumbuka Kibogo. Baadaye anatokea kijana Akayezu, aliyekuwa seminari, ambaye anawachanganya Kibogo na Yesu mpaka wakubwa wa kanisa wanashtuka. Mwishoni anakuja profesa mzungu anayetafuta habari za kafara za watu, na wazee wanaanza kusimulia tena. Safari hii wanamsimulia mtu ambaye wanaona kabisa anataka kusikia nini.

Mukasonga hakuambii nani mkweli. Ningekuwa na nafasi ya kusifu jambo moja tu kwake, ningesifu hilo. Mtu aliyepoteza alichopoteza yeye angekuwa na haki ya kuhukumu kila ukurasa, lakini anatuachia hadithi ikigombaniwa mbele ya macho yetu, tena kwa kejeli ya kuchekesha. Tunaona jinsi historia inavyotengenezwa, nani ananyamazishwa, nani anaongezea chumvi, nani analipwa bia ili aseme.

Kwa nini hili linatuhusu hapa

Tuingie nyumbani. Sote tumefika Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, au tumepita nje tukienda mjini. Tunajua kwamba tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Tunajua habari za Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, na habari za Nkomanile, mwanamke anayetajwa katika kupokewa kwa maji huku Ungoni. Na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapahapa akaomba msamaha.

Lakini tuwe wakweli, mwanachuo wa kawaida anaijua vita hii kwa njia ya madesa. Sababu tano za kutokea, sababu tano za kushindwa, na namba moja kwenye za kushindwa ni "imani potofu ya maji". Unaandika, unapata maksi, unakwenda zako. Hilo neno "potofu" tumelipata wapi? Sehemu kubwa ya kumbukumbu za maandishi za wakati ule ziliandikwa na maofisa wa kikoloni na wamisionari. Hao walikuwa upande mmoja wa ugomvi. Wale wa upande wa pili walinyongwa.

Fikiria hili. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Mwaka 1905 misheni yao ilichomwa vitani. Mwaka uliofuata, baadhi ya viongozi waliohukumiwa kunyongwa walibatizwa na padri wa misheni hiyohiyo kabla ya kwenda kwenye kitanzi. Mtu aliyepokea maji ya vita anapokea maji ya ubatizo ndani ya miezi michache. Alikuwa anawaza nini? Aliamini? Alikuwa anatafuta njia ya kuzikwa kwa heshima? Au, kama wanakijiji wa Mukasonga, hakuona sababu ya kuchagua maji moja na kuyakana mengine? Desa halina jibu, na jalada la ofisa wa Kijerumani halina. Swali hili ni la mwandishi wa riwaya.

Tunayo tayari tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, na wengi wetu tuliisoma. Ni kazi kubwa, na swali lake kuhusu neno linalozaliwa na kumshinda aliyelizaa bado ni moto. Lakini inatuweka upande wa Rufiji. Usiku wa Ungoni, mazungumzo ya ndani ya nyumba ya nduna, ubishi wa wake na vijana kuhusu huyu hongo aliyekuja na dawa, hayo yanasubiri watu wa hapa.

Mbinu tatu za kuiga

Ya kwanza: chukua mahali padogo. Katika Notre-Dame du Nil Mukasonga hakujaribu kuandika Rwanda nzima. Alichukua bweni moja la wasichana mlimani, karibu na chanzo cha Nile, mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule ambayo wasichana wa Kitutsi walitengewa asilimia 10 tu ya nafasi. Kuna msichana, Gloriosa, anayetaka kuivunja pua sanamu ya Bikira Maria kwa sababu anaiona ni pua ya Kitutsi. Kisa kinaanza kama utani wa bweni, kisha uongo mmoja unazaa mwingine, na mwisho watu wanawindwa. Kwa pua ya sanamu unaielewa sumu ya nchi. Sisi nasi hatuhitaji kuanza na vita nzima. Kisima kimoja kule Matogoro, au shamba moja la mahindi lililochomwa ili watu wafe njaa, vinatosha.

Ya pili: acha lugha ya mama ipumue. Anaandika Kifaransa, lakini maneno ya Kinyarwanda yamo mle, hayaombi radhi. Majina ya vyakula, ya miungu na ya vyeo yanabaki kama yalivyo, na msomaji anayaelewa kwa kuyaona yakifanya kazi. Ukiandika Kiswahili kuhusu Ungoni, usiogope Kingoni. Kinatosha kusimama chenyewe.

Ya tatu: mwonyeshe anayeuliza. Yule profesa wa Kibogo anatukumbusha kwamba simulizi hubadilika kulingana na anayesikiliza. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakati huo chuo chao kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walisambaa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji. Walifanya kazi ya heshima, bado tunaitumia leo. Wazee wale wengine waliiona vita kwa macho yao wakiwa watoto. Sisi tutawakuta wajukuu na vitukuu, nao wameshasikia redio, wamesoma shule, wameona watalii. Wana picha ya kile tunachotaka. Ukiandika riwaya, jiweke na wewe ndani, na daftari lako na soda uliyomnunulia babu.

Tahadhari moja. Uhuru wa riwaya una mipaka yake kwa watu halisi. Mputa Gama na Songea Mbano wana ukoo hapa mjini. Mukasonga aliwachukua wafalme na mwaka wa njaa kutoka kwenye historia, lakini kijiji na watu wake aliwaumba mwenyewe, na humo ndimo alimojipa uhuru wote. Ni mpaka mzuri. Nduna abaki na aliyoyafanya kweli. Mke wa jirani yake uko huru kumwumba.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Soma sura za mwanzo za Kibogo. Orodhesha kila mtu anayedai kujua nani aliyeleta mvua, na andika anapata faida gani jibu lake likikubalika.

2. Tafuta neno "potofu" au "ushirikina" kwenye desa lako la historia. Nani analitumia, na kuhusu imani ya nani? Je, limetumika popote kuhusu imani ya upande wa pili?

3. Kabla ya kumbukumbu za Februari ijayo, mwendee mzee mmoja. Mwulize alisimuliwa nini kuhusu maji, na nani alimsimulia. Andika jina la msimulizi wake, ukipewa ruhusa. Kisha mwendee mzee wa pili, ukoo mwingine, umwulize hayohayo. Pale wanapopishana, usichague. Andika ukurasa mmoja wa riwaya wenye majibu yote mawili, ulete kikundini tuusome.