Nguo ya Kuogelea Isilegee Upesi

SWALI: Nguo yangu ya kuogelea, niliyoinunua mtumba soko la Toi, huianika juu ya mabati hapa Kibera. Mbona imelegea na kupauka upesi hivi?

JIBU: Ndugu msomaji, hasimu wa nguo yako ni klorini ya bwawani pamoja na joto la mabati hayo, kwani nyuzi za elastani, ambazo ndizo zinazoifanya ivutike na kurejea, huliwa na klorini hata baada ya wewe kutoka majini, maadamu nguo haijasuuzwa. Basi isuuze papo hapo bwawani, ambako maji hayauzwi kwa mtungi kama Kibera na Kawangware, kabla ya kupanda matatu. Tafadhali usiisokote: itandaze juu ya taulo kavu, uikunje pamoja nalo kama mkeka, kisha uikandamize kwa viganja hata taulo linywe maji, ndipo uianike kivulini penye upepo, imekunjwa kiunoni juu ya kamba, wala isining'inie kwa mikanda yake.

Na siku utakayorudi Toi, ivute nguo mbele ya mwanga kabla ya kulipa: ukiona vijiuzi vyeupe vimechomoza mfano wa malaika ya mkononi, elastani imekwisha kukatika, wala hapana ufuaji utakaoirudisha.