Baisikeli Ikufuate Wewe, Siyo Wewe Uifuate

Bila shaka shuleni kwenu wako wanafunzi wanaokuja kwa baisikeli. Pengine na wewe ni mmojawao, au nyumbani wameanza kuongea kuhusu kukununulia. Kabla hela haijatoka mfukoni mwa mzee, soma somo hili mpaka mwisho. Litakusaidia kulinda magoti, mgongo, mikono na kichwa chako.

Naanza na kisa changu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha pili nilitembea kilometa saba kwenda shule na saba kurudi. Baba akauza magunia ya mpunga, akaenda mjini, akarudi jioni akiendesha baisikeli mpya nyeusi. Nyumba nzima tulitoka nje kushangilia. Nilipoipanda, vidole vya miguu viligusa pedali kwa shida. Nikamwambia baba kwamba ni ndefu. Akacheka: "Utakua nayo, mwanangu." Kama sare ya shule inavyonunuliwa kubwa ili uivae miaka mitatu, ndivyo nilivyopewa baisikeli.

Kwa wiki tatu niliendesha nikiyumbisha nyonga, mara kulia mara kushoto, ili nizifikie pedali. Siku moja kwenye mteremko wa kokoto mbuzi akakatiza njia. Nikafunga breki, nikatafuta ardhi kwa mguu, sikuipata. Nikaangukia mkono wa kushoto. Mfupa ukavunjika karibu na kiganja, nikakaa na plasta wiki sita. Mtihani niliufanya kwa sababu naandika kwa mkono wa kulia. Lakini baisikeli ilisimamishwa ndani ya stoo, na mimi nikarudia kutembea.

Siku moja fundi baisikeli alipita kwetu, akaitazama. Akachukua spana, akalegeza nati moja na kushusha kiti kwa upana wa vidole vinne. Dakika tano hazikufika, na hakudai hata senti. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Niliiendesha kutoka mjini kwa urefu wangu mimi. Sikujua kama kiti kinashuka."

Katika kisa hiki hakuna aliyekuwa mbaya. Tulichokosa ni elimu tu. Haya, tuanze.

TUMESAHAU KUPIMA

Zamani hakuna aliyenunua baisikeli bila kupima. Uingereza, katika miaka ya 1870, zilikuwepo baisikeli zenye gurudumu la mbele kubwa mno, na pedali zilifungwa palepale kwenye gurudumu. Mtu alichagua ukubwa wa gurudumu kulingana na urefu wa miguu yake. Mwenye miguu mifupi hakuweza kuzungusha gurudumu kubwa, basi.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa mji wa Coventry alitoa baisikeli iliyoitwa Rover, yenye mnyororo na magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa. Tunazopanda leo zinafanana nayo. Tangu hapo karibu kila mtu anaweza kupanda karibu kila baisikeli. Ni jambo zuri, ila ndilo linalotudanganya. Kuweza kuipanda siyo sawa na kukufaa.

HATUA YA 1: JIPIME NYUMBANI

Vua viatu, simama wima mgongo ukigusa ukuta. Weka daftari gumu katikati ya miguu, ulivute juu hadi liguse msamba, kama vile umekaa kwenye kiti cha baisikeli. Mwenzako apime kwa futikamba kutoka ukingo wa juu wa daftari hadi sakafuni. Huo ndio urefu wa mguu wako kwa ndani. Uandike, na siku ya kwenda dukani ukariri kama namba yako ya mtihani.

HATUA YA 2: FREMU

Watu wengi hutazama rangi kwanza, halafu gia. Wewe tazama fremu. Kiti hupanda na kushuka, lakini fremu ikiwa kubwa ni kubwa tu.

Simama juu ya baisikeli, bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu yako, nyayo zote mbili zikiwa chini na viatu vimevaliwa. Kati ya msamba na bomba hilo pabaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5, yaani vidole viwili au vitatu. Kama bomba linakugusa, hiyo siyo yako. Siku utakayosimama ghafla, utaumia mahali pabaya.

Namba kama 28, 26 au 24 ni inchi za gurudumu. Hazikuambii fremu ina urefu gani, wala hazikuambii baisikeli ni ya mtu wa umri gani. Baisikeli mbili za inchi 26 zinaweza kutofautiana sana. Dawa ni kuipanda.

Fremu iliyoinama, ambayo watu huiita "ya kike", inamfaa yeyote anayevaa sketi, kanzu au anayebeba mzigo nyuma. Mvulana akiipanda hapungukiwi kitu. Kwa fremu ya aina hii kipimo cha bomba hakikusaidii, kwa hiyo zingatia zaidi hatua mbili zinazofuata.

HATUA YA 3: KITI

Hapa ndipo magoti yanapopona au yanapoharibika. Kaa kitini, mwenzako aishike baisikeli. Weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande mmoja. Kisha weka sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, kama unavyoendesha. Goti litajikunja kidogo, kiasi cha nyuzi 25 hadi 35. Hapo ndipo penyewe.

Wanaopenda hesabu, hii yenu: zidisha urefu wa mguu wako kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli kuu, ile inayozungukwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti, ukipima kufuata bomba la kiti. Mguu wa sm 78 unatoa 78 × 0.883 = sm 68.9, sema 69. Njia hii ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Ichukue kama pa kuanzia, halafu sikiliza mwili wako:

- Goti linauma kwa mbele: mara nyingi kiti kiko chini mno. Kipandishe kidogo.
- Goti linauma kwa nyuma, au nyonga zinayumba: kiti kiko juu mno. Kishushe.
- Mikono inakufa ganzi: huenda kiti kimeinamia mbele, uzito wote unakaa kwenye viganja. Kiweke sawa kama meza.

Badilisha nusu sentimita tu kwa mara moja, uendeshe siku mbili tatu, ndipo ubadilishe tena. Na usikipandishe kiti kupita alama iliyochorwa kwenye bomba lake. Bomba likiingia kidogo mno ndani ya fremu linaweza kuchomoka au kuvunjika.

Sasa utasema, "Mbona nikikaa hivyo nyayo hazifiki chini?" Ni kweli, zitafika ncha za vidole tu. Ndiyo maana unaposimama unatakiwa ushuke mbele ya kiti, usimame juu ya fremu. Kama bado unajifunza, shusha kiti mpaka nyayo zote zifike chini. Ukishazoea, kipandishe pole pole.

HATUA YA 4: USUKANI NA BREKI

Ukishika usukani, viwiko vijikunje kidogo na mabega yalegee. Kama mikono imenyooka kama fimbo na mgongo umevutika, usukani uko mbali nawe. Shingo na kiuno vitakuambia ukifika nyumbani.

Breki ni lazima uzifikie kwa vidole bila kuachia usukani. Wenye viganja vidogo, pimeni hili kwa makini. Funga breki ya mbele, uisukume baisikeli: gurudumu lisizunguke. Fanya vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Kama mkono wa breki unagusa usukani kabla gurudumu halijakamatwa, mwambie fundi akaze kabla hujalipa.

Kama unanunua ya mtumba, kagua na maungio ya fremu. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, achana nayo, hata kama muuzaji anaapa kwa bibi yake. Inua kila gurudumu ulizungushe. Lisiyumbe.

MAVAZI NA VIFAA

Helmeti. Ikae bapa kichwani, ukingo wake uwe vidole viwili juu ya nyusi, isiachwe nyuma kama kofia ya disko. Mikanda ikutane chini kidogo ya masikio kama herufi V, na chini ya kidevu iingie kidole kimoja au viwili tu. Tikisa kichwa: ikicheza, ni kubwa. Ndani tafuta alama ya viwango, kwa mfano EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani. Helmeti iliyokwisha kugongwa kwa nguvu haifai tena, hata kama haionyeshi ufa, kwa hiyo jihadhari na za mtumba. Anayevaa hijabu aitumie nyepesi na laini chini ya helmeti, ncha zake azichomeke ndani ya nguo.

Nguo. Mnyororo na spoku hula nguo. Wavulana, fungeni suruali kwenye kifundo cha mguu kwa kamba au mpira. Wasichana, vaeni kaptula chini ya sketi na muikusanye isining'inie. Kifuniko cha mnyororo kinasaidia sana, usikubali kuuziwa baisikeli ambayo chake kimetolewa.

Viatu. Vaa viatu vinavyoshika mguu. Ndala huteleza kwenye pedali.

Mkoba. Usiutundike kwenye usukani. Ufunge kwenye keria, au uvae mgongoni mikanda yote miwili.

Taa na kengele. Nyuma taa au kioo chekundu cha kuakisi mwanga, mbele taa nyeupe. Sweta jeupe alfajiri linaweza kuokoa maisha. Na kumbuka, kwetu tunaendesha upande wa kushoto.

BAISIKELI NI MOJA, WATU WANNE?

Najua nyumba nyingi ndivyo zilivyo. Baba anaenda nayo shambani, kaka anachotea maji, wewe shule. Fanyeni hivi: kila mmoja apimwe, halafu chora mstari wa rangi kwenye bomba la kiti mahali pa kila mtu. Hata rangi ya kucha inatosha. Spana ifungwe kwenye keria ikae hapo siku zote. Anayeipanda anashusha au anapandisha mpaka kwenye mstari wake, anakaza nati, anaondoka. Fremu mchague inayomfaa aliye mfupi kuliko wote wanaoitumia, maana mrefu anaweza kupandisha kiti, lakini mfupi hawezi kupunguza fremu.

Na kama mzee amekwisha amua kununua kubwa, zungumza naye kwa heshima: "Shikamoo baba. Nashukuru sana kwa baisikeli. Naomba siku ya kwenda dukani twende wote, nijaribu kuipanda kabla hujalipa." Wazazi wengi hawakatai jambo lililosemwa vizuri.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Swali: Ni kweli msichana akipanda baisikeli anapoteza bikira?
Jibu: Siyo kweli. Bikira hupotea kwa kujamiiana, siyo kwa kiti cha baisikeli. Kizinda kinatofautiana kati ya msichana mmoja na mwingine, na hakuna mtu anayeweza kukitazama akajua kama msichana amewahi kujamiiana. Dada yangu, usikubali maneno hayo yakunyime masomo.

Swali: Naweza kuendesha nikiwa kwenye hedhi?
Jibu: Ndiyo, kama unajisikia vizuri. Ukiwa na maumivu makali, pumzika.

Swali: Mimi ni mvulana. Nikiendesha muda mrefu sehemu za siri zinakufa ganzi. Nitakuwa tasa?
Jibu: Kwenda shule kwa baisikeli hakukufanyi tasa. Ganzi inaonyesha kiti kinabana mishipa kwenye msamba. Angalia kama ncha yake imeinuka, isawazishe. Kila baada ya dakika kumi hivi simama juu ya pedali kidogo. Wasichana pia hupata ganzi hiyo, na dawa ni hiyo hiyo. Isipoondoka, nenda kituo cha afya bila aibu.

KAZI YA DARASANI

Jigaweni watatu watatu. Pimaneni miguu, mpige hesabu ya 0.883, kisha mtoke nje na futikamba mkapime baisikeli zilizoegeshwa shuleni. Hesabuni ni ngapi zimewekewa kiti kinachomfaa mwenyewe. Zisizofaa, azimeni spana mzirekebishe siku hiyo hiyo.

Baisikeli yangu niliendelea nayo mpaka nikamaliza kidato cha nne. Ile alama ya vidole vinne bado ipo kwenye bomba la kiti. Siku hizi mdogo wangu ndiye anayeipanda, na kabla hajaondoka baba humwuliza kwanza: "Umeshusha kiti?"