Somo la Soko: Kununua Nyumba Tarime na Serengeti

Mwenye akiba ya kununua nyumba katika wilaya za Tarime na Serengeti aanze na hesabu ya pango. Kwa mfano, nyumba ya Sh. milioni 30 inayopangishwa kwa Sh. 150,000 kwa mwezi huingiza Sh. milioni 1.8 kwa mwaka, yaani asilimia 6. Bei hurudi baada ya miaka 17 hivi, kabla ya kutoa matengenezo na miezi isiyo na mpangaji.

Hesabu hiyo husahaulika Nyamongo, ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Huko zimejengwa nyumba za "tegesha", yaani za kungojea fidia ya mgodi. Fidia isipokuja, mnunuzi hubaki na bati na matofali yasiyo na mpangaji.

Pili ni ardhi. Mjini Tarime au Mugumu, hati ipekuliwe ofisi ya ardhi kabla ya malipo. Vijijini, chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, mnunuzi kutoka nje huhitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Ridhaa ya mke au mume wa muuzaji iwe ya maandishi. Kando ya Mto Mara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Mojawapo likikosekana, hata bei iwe ya chini namna gani, kupanga ni nafuu kuliko kununua.